Kanzu ya Mwalimu Miraji

Bondeni, Nakuru
18 Novemba 1956

Mdogo wangu Hemed,

Salaam alaikum. Sisi tu wazima, isipokuwa macho. Maji ya ziwa yamerudi nyuma tena, na upepo wa mchana unatuletea vumbi la magadi mpaka ndani ya masufuria. Mwanangu mdogo ameanza kutambaa na anakula kila akiokotacho. Shati ulilosahau nimempa Miraji, usilidai.

Nina jambo. Unakumbuka Kadija alivyougua kichomi mwezi wa Juni, mimi nikiwa kwenye arobaini ya kumzaa mdogo wake. Alipona kwa sindano, kila asubuhi zahanati, mpaka mapaja yakawa magumu kama mbao. Kifua sasa ni kizima. Lakini tangu wakati ule, akimwona mtu mwenye kanzu nyeupe hupiga mayowe na kuingia chini ya kitanda. Wakati mwingine hujikojolea. Ana miaka sita, na unamjua, hakuwa mtoto mwoga.

Sasa ifikirie nyumba hii. Mume wangu ni mwalimu wa chuo cha Kurani, na kanzu ndiyo nguo yake ya kazi. Akiwa na shati la kaki, Kadija humpanda mgongoni. Akivaa kanzu, ni kama mwizi ameingia. Ijumaa siwezi hata kufungua dirisha la barabarani, maana Bondeni nzima imevaa nyeupe. Majirani wanasema mtoto ana jini asiyeswali. Wazazi wengine wameshatoa watoto wao chuoni. Miraji mwenyewe anasema ni ukaidi. Alimleta shehe amsomee. Shehe naye alikuja na kanzu, mtoto akashikwa, na hali ikazidi kuwa mbaya.

Mama mkwe wangu, Bi Mastura, ameandika kutoka Mombasa. Atakuja kwa Idd, na akimkuta mtoto bado hivyo ataondoka naye akapungwe huyo jini, kisha akae huko kwake. Miraji amemjibu kwamba ni sawa. Mimi sikuulizwa.

Kadija haendi Mombasa. Wewe huko Makerere unasomea kufundisha watoto. Kama kuna neno la kunisaidia katika masomo yenu, niandikie. Kama hakuna, niandikie pia, nitafute pengine.

Idd utakuja?

Dada yako,
Kuluthum


Makerere, Kampala
2 Disemba 1956

Dada Kuluthum,

Shikamoo. Nimepata barua yako na nimefurahi kwamba mtoto anatambaa. Mimi mzima. Mvua hapa hainyeshi, inamwagwa. Shati nimelisamehe.

Neno lipo. Tunasoma somo linaloitwa saikolojia, na ndani yake kuna habari za mtaalamu mmoja wa Urusi aliyechunguza mate ya mbwa. Mbwa akitiwa chakula kinywani hutokwa na mate. Hilo hakufundishwa, amezaliwa nalo. Akisikia mdundo wa chombo hatokwi na mate, kwa nini atokwe? Lakini yule Mrusi alipiga mdundo kwanza, ndipo akatoa chakula. Akarudia hivyo mara nyingi. Mwishowe alipiga mdundo peke yake, bila chakula, na mate yakatoka. Mdundo ambao haukuwa na maana yoyote ulikuwa umegeuka ishara ya chakula.

Badala ya chakula weka sindano. Badala ya mdundo weka nguo nyeupe. Maumivu humliza mtoto yeyote bila kufundishwa. Nguo nyeupe haimlizi mtu. Lakini ikitangulia maumivu kila asubuhi, mwili hujifunza, na baadaye nguo peke yake inatosha. Tena mwili haubagui sana. Umejifunza koti jeupe la zahanati, utaogopa na kinachofanana nalo. Mwambie shemeji huo si ukaidi. Mbwa yule hakuamua kutokwa na mate.

Kabla sijasema la kufanya, nijibu haya. Anaogopa kila kitu cheupe, au nguo tu? Nguo ikiwa haina mtu ndani je? Alikuwa akipewa nini kabla ya sindano? Na nani alikuwa akimshika?

Mdogo wako,
Hemed


Bondeni, Nakuru
20 Disemba 1956

Ndugu yangu Hemed,

Alaikum salaam. Sote wazima, ila jino langu. Wariara wa nyumba ya pili amerudi kutoka Mau Narok na gunia la viazi, ametugawia.

Barua yako nilimsomea Miraji baada ya chakula. Nilipofika kwenye mate ya mbwa akaweka kikombe chini.

"Mbwa?"

"Ni mfano."

"Binti yangu anafananishwa na mbwa, tena mate yake? Hemed amepelekwa Makerere kwa michango ya msikiti akajifunze hayo?"

Siku ile sikuendelea. Kwa hiyo, bwana msomi, nitafutie mnyama msafi.

Majibu yako ni haya. Maziwa hayaogopi. Ndege weupe wa ziwani anawakimbiza. Nilimpeleka na Wariara kwenye shamba la pareto, maua meupe mpaka mwisho wa macho, akachuma na kucheza. Shuka kitandani haimsumbui. Kanzu ikiwa imeanikwa kwenye kamba husimama mbali nayo na kuikodolea macho, lakini halii. Ikiwa na mtu ndani, na mtu huyo anamjia, hapo ndipo.

Kabla ya sindano nilimpa kashata. Kila asubuhi, mlangoni, ili asilie njiani. Nilikuwa kwenye arobaini, sikuweza kwenda naye, nikaona angalau nimpe kitu kitamu. Ajabu ni kwamba kashata, aliyokuwa akiipenda kuliko mimi, sasa akiiona anatapika. Nilidhani ni minyoo.

Hujasema kama utakuja Idd.

Kuluthum


Makerere, Kampala
13 Januari 1957

Dada Kuluthum,

Shikamoo. Pole na jino. Nimechelewa kwa ajili ya mitihani, nimeipita yote ila mmoja, ambao sitautaja.

Mnyama msafi ni huyu. Unakumbuka zizi la Mzee Kiprugut kule Kabazi, baba alipokuwa akienda kununua ngozi? Yule ng'ombe mwekundu, mke wa mzee, Cheptanui, akigonga ndoo langoni tu, maziwa yalianza kudondoka kabla hajamgusa. Ndoo haina uwezo wa kushusha maziwa. Ila ilitangulia kukamuliwa kila siku, ng'ombe akajifunza. Na unakumbuka walipomwajiri kijana aliyekuwa akipiga ng'ombe fimbo? Akija yeye na ndoo ile ile, tone halitoki. Hakuna aliyesema ng'ombe ana jini. Walimwondoa kijana. Msomee shemeji hayo.

Kashata si minyoo. Ilitangulia sindano, nayo imekuwa ishara ya sindano. Ungempa baada ya sindano, jioni, akiwa ametulia, labda angekuwa anaila mpaka leo. Hukufanya kosa la mtu mbaya. Ila utaratibu ndio unaofundisha, nia haifundishi.

Kumvua shemeji kanzu hakutoshi. Hofu ikikwepwa haifi, inakaa ikisubiri. Hofu hufifia ishara inapokuja mara nyingi na baya lisifuate. Na hufifia upesi zaidi kama zuri ndilo linalofuata.

Fanya hivi. Chagua chakula anachokipenda sana ambacho hakikuhusika na zahanati. Akiwa na njaa, mweke mlango wa jikoni. Kanzu tupu itundikwe mwisho wa ua, aione kwanza, ndipo umpe chakula. Siyo kinyume, usirudie ya kashata. Kanzu ikiondoka, chakula kiondoke. Siku akiwa ametulia, isogeze kidogo. Kisha aivae mtu, akae chini, mbali. Halafu mtu asogee. Kipimo chako ni taya zake. Akitafuna, uko salama. Akiacha kutafuna, umesogea mno, rudi nyuma ulikotoka, usimwambie kitu. Kumwambia "usiogope" ni kama kumwambia asitokwe na mate akilamba ndimu.

Nikuambie ukweli. Nimesoma habari ya mtoto mmoja aliyeondolewa hofu ya sungura kwa njia hii. Mimi mwenyewe sijaifanya kwa mtu yeyote.

Hukujibu swali moja. Nani alikuwa akimshika?

Hemed


Bondeni, Nakuru
24 Februari 1957

Hemed ndugu yangu,

Salaam nyingi. Jino limeng'olewa. Mdogo wake Kadija amesimama kwa kushika meza, akaanguka, akacheka.

Ng'ombe amekubaliwa. Miraji alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Yule kijana wa fimbo nilimjua." Siku ya pili mwenyewe alitundika kanzu yake kuukuu kwenye mti wa mwisho wa ua.

Chakula ni viazi vya kukaanga, vile vya Wariara. Kadija angevila hata akiwa usingizini. Mwanzoni alitafuna akiitazama kanzu kwa jicho moja. Kanzu imesafiri polepole: mti, kamba, ukuta wa choo, pipa la maji. Sasa iko karibu na jiko na taya hazisimami. Wiki hii Miraji ameivaa, anakaa chini kwenye mti ule wa kwanza, anasoma kitabu chake. Kadija aliacha kutafuna siku moja tu. Nikampa Miraji ishara, akarudi nyuma mpaka nyuma ya mti.

Mtaani wanatucheka. Micah muuza mkaa alimwambia, "Mwalimu, kanzu yako inaalikwa viazi kuliko wewe." Miraji hakucheka. Ramadhani inakaribia, na Idd itamleta mama yake. Kila jioni ananiuliza, "Bado? Kwa nini nisimpe viazi mwenyewe tu?"

Swali lako. Nilikwenda zahanati kumuuliza dresa aliyekuwa akimchoma, anaitwa Makokha, mtu mzuri. Alisema, "Mwalimu ndiye aliyekuwa akimshika. Alikuja naye moja kwa moja kutoka kuswali alfajiri, na kanzu yake. Alimfunga mikono hivi, kifuani. Bila yeye, mama, tusingeweza, na mtoto asingepona."

Basi umejua. Kanzu haikufananishwa na koti la dresa. Ilikuwapo yenyewe. Miraji hajawahi kunisimulia na mimi sitamwambia kwamba najua. Akilisikia hili kutoka kwangu hatavaa kanzu tena, na mwalimu wa chuo bila kanzu atafundisha wapi? Libaki kwako na kwangu.

Kuluthum


Makerere, Kampala
3 Machi 1957

Dada Kuluthum,

Shikamoo, na hongera. Salaam zitakuwa fupi kwa sababu Owuor, mwenzangu wa bwenini ambaye baba yake yuko reli hapo Nakuru, anaondoka sasa hivi na ameahidi kukupa barua hii mkononi. Itafika upesi kuliko posta.

Mzuie shemeji. Asimpe chakula kwa mkono wake kabla ya wakati. Viazi vina nguvu kuliko hofu iliyo mbali. Havina nguvu kuliko hofu iliyo mbele ya pua. Hofu ikishinda, haitabaki kwenye kanzu tu, itahamia na kwenye viazi. Nakuomba, mzuie.

Lile la Makokha limekaa kwangu.

Hemed


Bondeni, Nakuru
22 Machi 1957

Hemed,

Wazima. Barua uliyompa Owuor nimeipata jana. Alipitia kwao Kisumu kwanza, akakuta shangazi yake anaozwa, akakaa. Aliponiletea ilikuwa imekunjwa mfukoni na harufu ya samaki. Alisema, "Samahani, mama, harusi ilikuwa ndefu."

Ijumaa iliyopita Miraji alitoka msikitini akaja nyumbani moja kwa moja. Sijui walimwambia nini huko. Nilikuwa nakaanga. Aliingia jikoni na kanzu yake, akachukua sahani mkononi mwangu, akachutama mbele ya mtoto na kusema, "Kula, mwanangu. Ni mimi."

Kadija alitema kilichokuwa kinywani. Akarudi kinyumenyume mpaka akagonga ukuta, kisha akapita chini ya mkono wake na kukimbia mpaka kwa Wariara. Tulimtoa chini ya kitanda cha watu jioni. Sasa nikiweka mafuta ya viazi motoni anaziba mdomo kwa viganja viwili. Uliandika kwamba itahamia. Imehamia.

Miraji alikaa uani na sahani ile mpaka viazi vikapoa. Nilimwambia, "Tunaanza upya." Akasema, "Mama atakuwa hapa Idd." Nikamwambia, "Naye atatukuta tunaendelea."

Nimepoteza kashata na viazi. Niambie kama nimepoteza na kilichobaki.

Kuluthum


Makerere, Kampala
31 Machi 1957

Dada yangu,

Shikamoo. Barua hii nitaitia posta mwenyewe.

Hukupoteza. Kilichofundishwa hakifutiki kwa siku moja. Mwili ukifundishwa mara ya pili hujifunza upesi kuliko mara ya kwanza. Rudi kwenye mti, na safari hii utasogea haraka zaidi, ila mwongozo uwe ni taya zake, usiwe tarehe ya Idd. Tumia chakula kingine, viazi viache vipumzike.

Jambo la pili, ulijue mapema. Hofu iliyofifia, ikikaa siku kadhaa bila mazoezi, hurudi yenyewe. Yule Mrusi aliliona kwa wanyama wake: mate yaliyokwisha kukatika yalirudi baada ya kupumzika. Haina maana kwamba kazi imeharibika. Ikirudi, huwa dhaifu, na ukiendelea huondoka upesi. Ikikutokea mbele ya watu, usitikisike.

Idd sitaweza kuja. Ule mtihani ambao sikuutaja narudia wiki hiyo hiyo.

Ramadhani karim kwenu nyote.

Hemed


Bondeni, Nakuru
8 Mei 1957

Mdogo wangu Hemed,

Idd mubarak, ingawa imepita. Mdogo wake Kadija anatembea. Mvua imeshusha vumbi. Tumekuombea katika mtihani.

Chakula kilikuwa kaimati. Ramadhani nzima nilikaanga kaimati mchana, mimi nimefunga, Miraji amefunga, harufu ya iliki imejaa ua, na anayekula ni Kadija peke yake. Miraji alikaa chini ya mti na kanzu yake, halafu karibu na kamba, halafu ukuta wa choo. Midomo imemkauka. Niliona jambo moja ambalo sikumwelekeza. Kila akikaa, alikuwa akiweka mikono chini ya mapaja na kuikalia. Hakuwahi kufanya hivyo mwanzoni. Alianza baada ya ile Ijumaa.

Kabla Ramadhani haijaisha alikuwa akikaa kwenye pipa la maji na Kadija anatafuna huku akimwonyesha mapengo ya meno yaliyong'oka. Kisha Miraji akaenda Nairobi kumpokea mama yake, akachelewa huko siku kadhaa, na mimi nilikuwa na mapishi. Hatukufanya mazoezi.

Asubuhi ya Idd Miraji alirudi kutoka swala na kanzu mpya. Kadija akapiga mayowe.

Bi Mastura alikuwa amesimama mlangoni. Hakunikemea, nitasema haki. Alikwenda kwenye sanduku la mtoto, akatandika leso, akaanza kupanga nguo.

Nilikuwa na barua yako kichwani, nisingekuwa nayo ningelia. Nilimwambia, "Mama, ukimaliza kufunga mzigo huo, njoo ukae nami jikoni. Usiseme neno. Utazame taya za mjukuu wako."

"Taya?"

"Taya, mama."

Miraji alikuwa ameshakwenda kwenye mti mwenyewe, na kanzu mpya, chini kwenye matope. Nikakaanga. Kadija alitoka chini ya kitanda, akatazama, akala. Taya zilisimama, zikaendelea. Miraji akasogea kwenye kamba. Zikaendelea. Kazi iliyotuchukua wiki nyingi tuliimaliza kabla ya adhuhuri. Aliporudi kutoka kuswali adhuhuri alikaa kwenye pipa, na mtoto hakuinua hata kichwa.

Bi Mastura akaniuliza kwa sauti ndogo, "Dawa hii mmeitoa wapi?"

Miraji akajibu kutoka kwenye pipa, "Kwa mbwa, mama."

"Astaghfirullah! Mbwa gani?"

"Wa Kirusi."

Bi Mastura alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Alikuwa hajacheka nyumbani humu tangu harusi yetu. Alikaa nasi siku chache, akaona mwenyewe, na jana amepanda gari moshi la Mombasa na leso yake ile ile, ndani yake mahindi na chai. Nguo za Kadija nimezirudisha sandukuni. Alisema kama hofu itarudi nimwandikie. Nimemwambia itarudi, na sitamwandikia, nitakaanga.

Nimebakiza jambo moja. Ni la siku ile ile ya Idd, alasiri.

Kadija alisimama mbele ya Miraji na kaimati moja mkononi, shira imemtiririka mpaka kwenye kiwiko. Miraji alikuwa chini, ameikalia mikono yake kama kawaida. Mtoto akamtazama kanzu, akamtazama uso.

"Baba, mbona unakalia mikono?"

Kisha akamnyoshea kaimati.

"Shika basi."

Miraji akanitazama mimi kwanza. Swali lako la Disemba, la nani alimshika, sikuwahi kumwuliza, na sasa sitamwuliza. Akatoa mkono mmoja taratibu, akauweka gotini, kiganja juu. Kadija akaweka kaimati katikati, akafuta vidole vyake kwenye kanzu mpya, na akangoja.

"Na huo mwingine," akasema.

Akautoa.

Dada yako,
Kuluthum